Mate si maji: mwalimu wa Arua anayekaukiwa kinywa na macho

BARUA

Asalaam aleikum Shangazi,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Arua, nina miaka 38 na watoto wawili. Miaka mitatu iliyopita macho yalianza kuniwasha. Nikiamka asubuhi kope zimegandana, nikizifungua nahisi mchanga ndani. Kwenye kliniki ya mtaani waliniambia ni aleji ya vumbi, wakanipa Piriton. Vumbi la Arua unalijua, hasa kiangazi, kwa hiyo sikubisha. Mpaka leo nameza kidonge kimoja kila usiku, kinanisaidia kulala.

Baadaye ikawa zamu ya kinywa. Kipindi cha pili hakijaisha, ulimi umeshanata kwenye kaakaa na maneno yanakatikia njiani. Wanafunzi wananiigiza. Nimezoea kuweka peremende shavuni, ikiisha natia nyingine, na nyumbani nafyonza ndimu. Maji nayo nabeba chupa kubwa na kuyagugumia yote, usiku naamka kwenda haja ndogo kila saa, na kinywa bado ni kikavu. Tonge la enyasa, ugali wetu wa hapa, halishuki mpaka nilisukume kwa maji. Meno yameanza kuoza pale yanapokutana na fizi, mawili yamevunjika, na moja la chini linacheza.

Kwa kuwa nilikonda na kupata utando mweupe ulimini, maneno hayakukosa. Nimepima virusi vya ukimwi mara kadhaa, majibu ni hasi, lakini karatasi utamwonyesha nani, mtaa mzima? Wifi yangu yeye alisema nimerogwa.

Mwishowe mume wangu aliuza mbuzi, tukapanda basi la usiku mpaka Kampala. Daktari aliniwekea karatasi ndogo kwenye kope la chini, baada ya dakika tano akapima, ilikuwa imelowa milimita tatu tu. Damu ikaonekana ina kingamwili za Ro, alama ya kwamba mwili unajishambulia wenyewe, kisha wakanikata kinyama kidogo ndani ya mdomo wa chini. Akasema nina ugonjwa wa Sjögren, yeye alitamka Shogreni. Hauponi lakini unatunzwa. Alinipa haidroksiklorokwini, chupa moja ya machozi ya bandia, na tarehe ya kurudi. Nyuma yangu kulikuwa na foleni, nikaona haya kuuliza mengine.

Sasa ni mwezi wa sita nameza hiyo dawa. Vidole vilikuwa vinakakamaa asubuhi, hivyo vimepata nafuu, lakini kinywa ni kilekile. Jirani anasema nakula dawa ya malaria bure. Matone yalipoisha niliuziwa mengine duka la dawa, yanaondoa wekundu upesi, ila sijui kama ni salama. Uchovu unaniangusha, nikitoka shule nalala na nguo za kazini, na ukweni wanauita uvivu. Jambo jingine ni la faragha: ukavu umefika hata sehemu za siri. Nikikutana na mume wangu naumia, nikimkwepa anadhani nimemchoka, na yeye anataka mtoto wa tatu. Halafu kuna Ramadhani. Iliyopita, ikifika Alasiri nilishindwa hata kusoma Kurani kwa sauti. Nifunge au nisifunge?

Nisaidie, Shangazi. Maji yamenifika shingoni, ingawa kinywani hayamo.

Mwalimu, Arua

JIBU

Waaleikum salaam, mwanangu.

Kabla ya yote, hiyo Piriton iache usiku wa leo. Dawa za aleji za aina hiyo, zile zinazoleta usingizi, hukausha mate na machozi hata kwa mtu asiye na ugonjwa wowote. Wewe una tezi zilizokwisha kudhoofika, na kila usiku unazifungia mlango. Zipo pia ndani ya vidonge vingi vya mafua vya mchanganyiko, kwa hiyo ukishikwa na mafua usichukue tu chochote unachopewa dirishani. Usingizi ukikutatiza mwambie daktari, na umtajie Sjögren kabla hajaandika, maana amitriptilini, ambayo huandikwa sana kwa kukosa usingizi na kwa maumivu, nayo hukausha. Sikuahidi kwamba mate yatarudi. Lakini baada ya wiki chache utajua ukavu upi ni wa ugonjwa na upi ulikuwa wa kidonge.

Nilifanya kazi kliniki ya macho kwa muda mrefu kabla sijaanza kujibu barua, na wanawake wa aina yako niliwaona: miaka ya aleji, miaka ya "ni vumbi tu", huku hakuna aliyewauliza habari za kinywa. Jina la ugonjwa linatokana na daktari wa macho wa Sweden, Henrik Sjögren, ambaye mwaka 1933 aliandika juu ya wanawake 19 waliokuwa na macho na vinywa vikavu, wengi wao wakiwa na maumivu ya viungo pia. Kinga ya mwili, badala ya kupigana na vijidudu, inashambulia tezi za machozi na mate. Katika kila wagonjwa kumi, takriban tisa ni wanawake. Hauambukizi, haukutokana na tabia yako, na wifi yako umwachie mambo yake. Waliokupima virusi vya ukimwi nao hawakukutukana, kwani virusi hivyo vinaweza kukausha kinywa na kuvimbisha tezi za mashavu vivyo hivyo. Lazima viondolewe shakani kwanza. Viliondolewa. Mtaa haukudai karatasi, na wewe huna deni nao.

Sasa maji. Mtu mwenye tezi nzima hutoa kati ya nusu lita na lita moja na nusu ya mate kwa siku, na mate hayo si maji. Yana ute unaoteleza, yana madini yanayoyarudishia meno kile kilicholiwa na asidi, yana vitu vinavyowazuia bakteria na ukungu. Ukigugumia chupa nzima kwa mkupuo, unasafisha hata ute mchache uliobaki, kinywa kinakauka upya baada ya dakika chache, na kibofu kinakuamsha usiku. Kunywa kama kawaida ya mtu wa Arua anayetoka jasho, lakini kwa funda ndogo ndogo. Piga funda moja, lizungushe mdomoni, limeze, funga chupa. Darasani weka chupa mezani na mweleze mwalimu mkuu kwa nini iko hapo. Wanafunzi nao waambie mara moja kwamba mwalimu ana ugonjwa wa mate. Mtoto akishajua sababu, kuigiza kunapoteza ladha. Wape wao kazi ya kusoma kifungu kwa sauti, wewe upumzishe ulimi.

Peremende ndizo zinazokumalizia meno, mwanangu, pamoja na ndimu. Kuoza pale jino linapokutana na fizi ni alama ya kinywa kikavu, na ukikiongezea sukari kutwa nzima hakuna jino litakalosimama. Ndimu inavuta mate kweli, ila asidi yake inakula jino na hakuna mate ya kutosha kuizima. Badala yake tafuta chingamu isiyo na sukari, na kwenye karatasi yake angalia kama imeandikwa zailitoli, aina ya utamu ambayo bakteria wa meno hawawezi kuugeuza asidi. Kutafuna kwenyewe kunaziamsha tezi zilizobaki hai. Arua mjini hupatikana kwenye maduka makubwa, na anayekwenda Kampala umwagize. Soda ziache. Chai kunywa, ila sukari ipungue mpaka uizoee, na usiinywe kidogo kidogo tangu asubuhi hadi mchana. Ikiwa tamu, inywe pamoja na chakula umalize.

Piga mswaki asubuhi na usiku kwa dawa ya meno yenye floridi. Kwenye tyubu huandikwa kiasi, na 1450 ndiyo nguvu ya juu ya zile za kawaida dukani. Ukimaliza tema povu, usisukutue kwa maji. Hapo ndipo wengi wanapoitupa floridi kwenye karo. Daktari wa meno anaweza kukuandikia yenye nguvu ya 5000 au kukupaka floridi mwenyewe kila baada ya miezi mitatu au zaidi kidogo. Mchana, baada ya kula, sukutua kwa bilauri ya maji yenye robo kijiko cha chai cha baikaboneti ya soda. Nasema ile ya kuumulia mikate, si magadi ya kulainishia maharagwe, tafadhali.

Ule utando mweupe ni ukungu wa kinywani. Mara nyingine hauonekani mweupe: ulimi unakuwa mwekundu unaowaka, au pembe za midomo zinapasuka. Unatibika kwa nistatini ya maji, lakini nyingine hutiwa sukari, kwa hiyo mwulize mfamasia. Usijipake asali.

Chakula. Enyasa usiiache, badilisha kinachoisindikiza. Bamia ndiyo rafiki yako mkubwa: ute wake unafanya ile kazi ambayo mate yameshindwa. Mboga ya kunde iliyoungwa kwa simsim, mchuzi wa karanga ulio mwepesi, parachichi, uji, matoke yaliyopondwa na kulowa mchuzi, vyote vinashuka. Posho kavu na maharagwe ya jana, rolex ya barabarani (chapati iliyoviringishiwa mayai), muhogo wa kuchoma na samaki wa kukausha vitakukaba. Pilipili itakuchoma zaidi kuliko wenzako mezani.

Vipo vidonge vinavyozilazimisha tezi kutoa mate, pilokapini, miligramu 5 hadi mara nne kwa siku. Vinasaidia wengi, vinatoa jasho jingi, na havimfai mwenye pumu isiyodhibitiwa wala mwenye aina fulani ya presha ya macho. Si kila duka linavyo. Ukirudi Kampala, hilo ndilo swali la kwanza la kumwuliza daktari, na uliandike kwenye karatasi ili foleni isikutishe tena.

Macho sasa, na hapa nitakawia kidogo maana ndiyo kazi niliyoijua.

Chupa uliyouziwa ichukue, soma jina la dawa yenyewe, si la kampuni. Ukiona deksamethasoni, prednisoloni au betamethasoni, hiyo ina steroidi. Inatuliza wekundu upesi sana, ndiyo maana inapendwa, lakini ukiitumia kiholela inaweza kupandisha presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho, na hakuna kitakachokuuma mpaka kuona kuanze kupungua. Iache, na kwa kuwa umekwisha kuitumia, nenda ukapimwe presha ya macho. Kama haina steroidi bali ni ya kukaza mishipa ili jicho liwe jeupe, nayo haikufai. Ukiiacha wekundu unarudi kwa kishindo, ukaitumia tena, mchezo hauishi. Unachotaka ni machozi ya bandia: haipromelozi au kaboksimethiliselulozi. Maziwa ya mama, mkojo, maji ya majani, hivyo vyote niliviona vikitiwa machoni, na niliona makovu yake.

Chupa yako iliisha upesi, na nadhani najua kwa nini. Watu wengi hutia matone matatu, mawili na nusu yanateremka shavuni. Nawa mikono. Inua uso, vuta kope la chini kwa kidole kiwe mfuko, tazama juu, dondosha tone moja bila ncha ya chupa kugusa kitu. Fumba jicho taratibu, usibane, kisha bonyeza kwa kidole pembeni ya pua, pale kona ya jicho, kwa dakika moja. Jicho haliwezi kushika zaidi ya tone moja. Ukitumia hivyo, chupa inafika mwezi, na mwezi ukiisha itupe hata kama imebaki, maana chupa iliyofunguliwa huingia vijidudu. Iweke kando ya mtungi, si kwenye dirisha lenye jua wala mkobani juu ya boda.

Weka kwa ratiba, usingoje jicho liwashe: kabla ya kutoka, wakati wa mapumziko, mchana, jioni. Ukijikuta unahitaji zaidi ya mara nne kwa siku, uliza zile zisizo na kihifadhi, kwa sababu kihifadhi kilichomo kwenye chupa za kawaida kinaunguza jicho kavu kikizidi. Ni ghali, sitakudanganya. Pesa ikibana, nunua chupa ya kawaida kwa mchana na tyubu ya mafuta mazito ya macho kwa usiku. Mafuta hayo yanafifisha kuona kwa muda, kwa hiyo yapakwe ukiwa umeshapanda kitandani; asubuhi kope hazitagandana.

Jioni chovya kitambaa safi kwenye maji ya moto yanayovumilika na mkono, kikamue, kiweke juu ya macho uliyofumba, dakika tano hadi kumi, ukikichovya tena kikipoa. Ukingoni mwa kope kuna tezi za mafuta ambazo hufunika machozi yasikauke hewani, na joto linazifungua. Haina gharama, na ndiyo sababu wagonjwa huidharau.

Darasani futa ubao kwa kitambaa chenye unyevu, si kwa dasta kavu, na anayefuta awe mwanafunzi, wewe ukiwa umesogea. Sakafu inyunyizwe maji kabla ya kufagiwa. Ukipanda boda vaa miwani iliyofunika pembeni au kofia yenye kioo cha uso. Ukisahihisha madaftari, kumbuka kwamba anayesoma hupepesa kope mara chache. Kila ukimaliza daftari kadhaa fumba macho kidogo. Jiko la makaa lihamie nje, na usimame upande ambao upepo unatoka. Haya utayaona madogo, lakini machozi uliyonayo ni machache na kazi kubwa ni kuyalinda yasikauke.

Jicho moja likiwa jekundu, linauma, halivumilii mwanga, au ukaona doa jeupe juu ya mboni, usitie chochote. Nenda hospitali ya rufaa siku hiyohiyo. Jicho kavu huchubuka na kupata kidonda kwa urahisi.

Kuhusu dawa yako, jirani ana nusu ya ukweli. Haidroksiklorokwini ilianza kama dawa ya malaria, lakini wewe hukupewa kwa ajili hiyo. Nusu nyingine ni hii, na ingefaa uambiwe tangu mwanzo: kwa ukavu haisaidii sana. Mwaka 2014 ulichapishwa utafiti wa Ufaransa wa wagonjwa 120 wa Sjögren. Baada ya wiki 24, walioimeza hawakuwa na nafuu ya ukavu, maumivu wala uchovu kuliko waliopewa vidonge vitupu. Hata hivyo madaktari wanaendelea kuiandika, hasa kwa viungo na ngozi, na vidole vyako vimelegea, kwa hiyo usiiache bila kuongea na aliyekuandikia. Ila umesema ulikonda. Nenda ukapime uzito, kwa sababu kikomo chake ni miligramu 5 kwa kila kilo kwa siku: mwenye kilo 50 hapaswi kuzidi 250. Ikiwa unameza zaidi ya hapo, mpigie daktari, asipange kwa uzito wako wa zamani. Ikizidi kwa muda mrefu inaharibu sehemu ya nyuma ya jicho, na ndiyo maana unatakiwa kupimwa macho mwanzoni, kisha kila mwaka baada ya miaka mitano. Na usikubali kubadilishiwa klorokwini ya kawaida eti ni dawa ileile.

Uchovu huo si uvivu, ni sehemu ya ugonjwa. Lakini usimwachie Sjögren kila kitu: omba kipimo cha wingi wa damu na cha tezi ya shingo, kwa sababu tezi hiyo hushambuliwa mara nyingi kwa wagonjwa kama wewe, nayo ina kidonge chake. Kisha pumzika nusu saa kabla hujachoka, siyo baada. Na tembea. Najua inasikika kama mzaha kumwambia aliyechoka atembee, ila mazoezi mepesi ya kila siku ndiyo yenye ushahidi kuliko vidonge vyote nilivyosikia vikiuzwa kwa jina la nguvu. Ukweni, mwenye kuwajibu si wewe. Ni mumeo.

Na mumeo, mwanangu, aliuza mbuzi na kupanda basi la usiku pamoja nawe. Mtu huyo anastahili kuambiwa. Mwambie mchana, mkiwa mmekaa, si kitandani baada ya kumkwepa: tezi zinazokausha kinywa changu zinanikausha na huku, naumia, sijakuchoka. Duka la dawa linauza jeli ya kulainisha iliyotengenezwa kwa maji. Itumike ya kutosha, na msiharakishe. Kama mnatumia kondomu, Vaseline na mafuta ya kupikia hupasua mpira, yaepukeni. Usijioshe kwa sabuni ndani wala usitie dawa za miti. Ikiendelea kuuma, mwone daktari wa wanawake, huenda kuna ukungu huko pia, au akakupa krimu ya homoni.

Mtoto wa tatu hukatazwi, ila usishike mimba kimyakimya. Zile kingamwili za Ro hupita kwenye kondo la nyuma na katika mimba takriban mbili kwa mia huharibu njia ya umeme ya moyo wa mtoto, unapiga polepole mno. Kwa hiyo mwone daktari kabla, waambie wakunga siku ya kwanza ya kliniki, na upate kipimo cha moyo wa mtoto kwa ultrasaundi kati ya wiki ya 16 na 26. Haidroksiklorokwini haiachwi kwa sababu ya mimba, inamlinda mtoto.

Ramadhani. Mimi si shehe, nitasema la mwili na la dini umpelekee wako. Surat al-Baqara, aya ya 184 na 185, imemruhusu mgonjwa kula, na kwa ugonjwa usiotarajiwa kupona kuna fidia ya kulisha maskini. Hilo si kushindwa. Ukitaka kujaribu kufunga, tone la jicho halifunguzi kwa madhehebu ya Kishafi ambayo wengi wetu tunayafuata, kwa hiyo usiyaache macho yakauke kutwa kwa kuogopa. Chingamu na pilokapini vitangoja futari. Sukutua katika kila udhu, upole, bila kumeza. Daku iwe uji au matoke, chumvi kidogo, na kidonge chako ukimeze pamoja na futari. Jaribu siku moja, si mwezi. Midomo ikipasuka damu au utando ukirudi, fungua, na umwambie shehe ulichoona. Ramadhani za miaka hii zimeangukia kiangazi chetu, na mtu mzima wa afya anaihisi.

Jambo moja hukuuliza. Shavu likivimba chini ya sikio, watu watasema matubwitubwi. Uvimbe wa siku chache katika ugonjwa huu ni kawaida, lakini ukikaa wiki kadhaa, ukiwa mgumu, au ukapata homa zisizoeleweka, jasho la kulowesha shuka, kukonda zaidi, madoa ya zambarau miguuni au ganzi ya nyayo, rudi hospitali usingoje tarehe yako. Baadhi ya wagonjwa wa Sjögren, wachache, hupata saratani ya tezi za limfu, na kwetu kifua kikuu nacho kinaweza kujificha nyuma ya dalili zizo hizo. Daktari atatofautisha.

Na hilo jino linalocheza usilipeleke likizo ya Desemba. Nenda wiki hii, na ukikaa kwenye kiti mwambie daktari wa meno jina la ugonjwa kabla hajashika koleo, apate kuangalia na yale mengine ambayo bado yanaweza kuokolewa.

Shangazi